Kombe Mwaro, Aliyehesabu Watu

Nairobi,
9 Februari 2025

Kwa bibi yangu, Hawe Pola,

Shikamoo Hawe. Mimi mjukuu wako, mke mwenzio Emily, ni mzima, na kile kifua cha Desemba kimepoa. Mama ameniambia kutoka Ngomeni kwamba mbuzi wako amezaa mapacha na kwamba umegombana na mwenye mashine ya kusaga. La mbuzi limenifurahisha. La pili halikunishangaza.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu husikii. Mama akikupigia lazima mtu akupazie sauti sikioni, na kabla hujajibu boma zima limeshajua. Neno hili sitaki lipaziwe sauti.

Kazi yangu unaijua. Bado niko kwa Bwana Ndirangu, tunachonga maandishi kwenye mawe ya makaburi. Mwezi uliopita ililetwa kazi kubwa, jiwe jeusi la matale, refu kunishinda, litakalosimamishwa Malindi mwisho wa Agosti. Limeagizwa na kikundi cha familia za watu wa pwani waliofungwa, walioteswa na waliopotezwa zamani kwa sababu ya kusema. Ni majina sitini na moja. Bwana Ndirangu alinipa mimi. "Wewe ndiwe mtu wa huko," akasema, "hutakosea majina yenu." Niliyasoma yote kwanza, kisha nikayasoma tena. Babu yangu, Tsawe Kombe, hayumo.

Nilimpigia katibu wao, Bi Hannah. Alicheka kidogo, akaniambia walikuja kwako mwaka juzi. Uliwapa chai, ukawapa muhogo, ukawafungia na jogoo wa kwenda naye, lakini jina ukawanyima. Hawe, ni kweli? Mke akiwa hai, ni lazima yeye atie kidole kwenye fomu. Mtoto hawezi, mjukuu hawezi.

Fomu ni hii, nimeikunja ndani. Nakuomba.

Mke mwenzio,
Emily


Magarini,
2 Machi 2025

Mpendwa katika Bwana, Emily,

Nakusalimu. Mimi ni Mwalimu Lewis wa kanisani. Bibi yako amenituma nikuandikie kwa niaba yake. Anasema hajambo, mapacha wa mbuzi hawajambo, na mwenye mashine ya kusaga amepunguza bei, kwa hiyo ugomvi umekwisha, ila yeye bado hajamsamehe. Juu ya hilo nimemkumbusha Mathayo sita, aya ya kumi na nne.

Kuhusu fomu, anasema ameiona na ameiweka chini ya godoro. Anasema nikuandikie hivi kama alivyotamka: "Mimi si mtu wa kukataa bure. Kwetu mtu akifa hutujia usingizini akaomba koma, tukamchongea kigingi cha mti tukamsimamisha hapa nyumbani kwake. Asiyeomba hachongewi, iwe mti, iwe jiwe. Kombe hajaja. Serikali haikumuuliza ilipomchukua, na nyinyi hamumuulizi mnapomwandika. Tofauti yenu ni nini?"

Mimi binafsi nimemweleza kwamba Mkristo hangoji ndoto. Amenijibu nishike kalamu.

Anakuombea heri, na anasema ule vizuri, kwa kuwa kwenye picha uliyotuma unaonekana kama fagio.

Wako katika huduma,
Mw. Lewis
(kwa niaba ya Bibi Pola)


Nairobi,
23 Machi 2025

Shikamoo Hawe,

Barua imefika. Nimecheka pa fagio mpaka wenzangu wakaacha nyundo. Mshukuru Mwalimu. Nimepata nyongeza kidogo ya mshahara, nimekutumia kanga na dawa ya magoti. Zimo kwenye kifurushi cha basi, Mama atazichukua Malindi.

Hawe, hadithi ya Tsawe niliambiwa na Mama, si na wewe. Yeye wakati huo alikuwa na miaka sita. Aliniambia kwamba mwaka ule wa kura za mlolongo, watu walisimama mstari nyuma ya picha za wagombea, na Tsawe, mgema ambaye hakuwahi kushika kitabu, alipita pembeni na vikapu viwili. Kila kichwa akakitilia punje moja ya mahindi. Mstari mrefu ukatangazwa umeshindwa. Wiki iliyofuata, kwenye baraza la chifu, akamwaga vikapu vyote viwili chini, mafungu mawili, akasema, "Mimi sikusoma. Aliyesoma aje anionyeshe lipi ni kubwa." Watu wakacheka. Siku ya tatu gari likaja. Mama anasema alikuwa juu ya mnazi, wakamngoja ashuke, na aliposhuka akakupa wewe kibuyu cha tembo mkononi ili kisimwagike.

Basi. Hadithi ya Mama inaishia hapo. Nikimuuliza, "Halafu?" anasema, "Muulize Hawe." Na ukiulizwa wewe, Mama anasema, unatoka kwenda kutazama kuku.

Sitaki kukushurutisha. Lakini nachonga majina ya baba za watu wengine kutwa nzima, na vumbi lao nakwenda nalo nyumbani kwenye nywele. Jiwe litaondoka hapa katikati ya Agosti. Tafadhali nijibu, hata kama ni kunitukana.

Emily


Nairobi,
18 Mei 2025

Shikamoo Hawe,

Mwezi wa pili sasa na sina jibu. Mama anasema u mzima, na kanga umeivaa kanisani. Nashukuru kwa hilo.

Majina yote sitini na moja nimemaliza. Chini yake nimeacha nafasi ya mstari mmoja. Bwana Ndirangu aliiona, akauliza, "Hapa vipi?" Nikamwambia, "Namsubiri bibi yangu." Akatazama, akaenda zake.

Emily


Mambrui,
10 Juni 2025

Kwako mke mwenzangu Emily, mwenye kichwa kigumu kama changu,

Salamu nyingi. Anayeandika leo ni Bibi Batuli wa Mambrui, rafiki yangu, na yeye anakusalimu na kukuombea dua. Nimemkuta na nyama ya Idd bado ipo, nimekula mpaka nikafungua mshipi. Mama yako hajambo. Mjomba wako amenunua pikipiki kuukuu inayopiga kelele kuliko mimi. Magoti yangu, ile dawa imeyafaa. Mungu akuweke.

Umengoja. Najua. Barua ile ya kwanza aliandika Mwalimu Lewis, mtu mwema, lakini kuna maneno hayaandikwi na mtu atakayeyaombea mbele ya kanisa zima Jumapili. Nikawa natafuta mkono mwingine. Kisha nikaogopa huo mkono mwingine. Batuli nilimjia mara mbili, nikanunua samaki, nikarudi. Mara ya tatu akaniambia, "Pola, wewe samaki huli. Kaa kitako useme ulichokuja nacho."

Kwanza ujue huyu Batuli ni nani. Babu yako alipochukuliwa, njia ya kwetu iliota nyasi. Jirani akiniona kisimani anaacha ndoo. Hata kanisani benchi langu nilikaa peke yangu na watoto wanne. Huyu hapa, mwanamke wa Kiislamu, mke wa mvuvi, alikuja kwa mguu kutoka Mambrui kununua makuti kwangu. Makuti yako kila mahali! Akaja tena wiki ya pili. Mwezi wa tatu akamchukua mama yako, Easter, akakaa naye mwaka mzima, akala akashiba. Batuli anasema haya nisiyatie. Nimemwambia mwenye barua ni mimi. Andika, Batuli.

Sasa lile lenyewe.

Wazee walikaa wakasema, Kombe hatujui kama yu hai au amekufa. Mpaka aje mwenyewe ndotoni aombe koma, hakuna matanga, na Pola si mjane. Nikasema, haya. Kila mvua ikinyesha, shemeji yangu Kiponda, mdogo wake Kombe, alikuja kunilimia. Akimaliza, huweka jembe, hunywa maji, huuliza, "Amekuja?" Nami nasema, "Hajaja." Naye husema, "Haya." Miaka yote.

Mjukuu wangu, alikuja.

Alikuja mwaka wa nne, ule mwaka wa njaa. Alisimama mlangoni na lile shati alilochukuliwa nalo. Akaniambia, "Pola, niko kwenye baridi. Nichongee." Mimi nikamjibu, "Nenda zako. Mti sina."

Unajua kwa nini? Nikisema amekuja, kesho yake kunakuwa na koma, kisha matanga, kisha mimi ni mjane, na mjane hurithiwa na ndugu wa mume. Kiponda alikuwa na mke, na mke wake alikuwa na mdomo. Nilimwona Kiponda analima shamba langu nikasema, huyu analima chake. Mimi sikutaka mume mwingine. Nilimtaka yule, na nikimkosa yeye basi nikae na watoto wangu na minazi yangu, nisiambiwe na mtu lala hapa, amka pale. Kwa hiyo nikamfukuza mume wangu mlangoni kama kuku wa jirani. Akaja mara mbili tena. Nikamfukuza. Hakurudi.

Miaka thelathini na mitatu nimewadanganya wazee, na wale wazee wote wamekufa wakiniamini. Watu wakisema serikali ilimpoteza Kombe, mimi huwa kimya. Serikali ilimpoteza mara moja. Mimi nilimpoteza mara tatu.

Ndiyo maana nilimpa Bi Hannah jogoo. Sikuwa na la kumpa.

Sasa umejua. Ukitaka kuziba ile nafasi, ziba.

Mimi Pola


Nairobi,
16 Juni 2025

Shikamoo Hawe wangu,

Nimeisoma karakana, nimesimama. Bwana Ndirangu aliniona akanipa ruhusa nikae nje.

Mshike mkono Bibi Batuli kwa niaba yangu, usiuachie upesi. Mwambie mtoto wa yule Easter aliyemlisha anamshukuru.

Sikulaumu. Nitakuambia ukweli, kwa kuwa wewe hupendi maneno ya sukari. Nimekasirika kidogo, kwa ajili yake, kwa lile neno baridi. Kisha nikahesabu miaka uliyokuwa nayo siku ile, na watoto, na mke wa Kiponda, na hasira ikaniishia mkononi.

Nafasi siizibi. Lakini hata kidole siwezi kukipokea kabla Tsawe Kiponda hajaambiwa. Koma huchongwa na ndugu, si mimi. Na amekuwa akiuliza maisha yake yote. Mwambie wewe, kwa mdomo wako. Nipo hapa na tindo yangu, nangoja.

Emily


Mambrui,
19 Julai 2025

Kwa Emily,

Salamu, mama. Batuli mkono wake nimeushika kama ulivyoagiza mpaka akaniuliza kama ninaumwa. Mapacha wa mbuzi mmoja kafa, mmoja yupo.

Nilikaa na barua yako wiki tatu. Utaniambia mwoga, sema. Jumatano hii nikaoga, nikavaa kanga uliyonitumia, nikaenda kwa Kiponda. Mkewe, Mungu amrehemu na ule mdomo wake, hayuko tena, kwa hiyo nilimkuta peke yake uani ananoa shoka.

Nikamwambia, "Kiponda, nina neno."

"Neno gani? Mashine ya kusaga tena?"

"Kombe alikuja."

Akaacha kunoa. Hakuniangalia. "Lini?"

"Mwaka wa njaa. Nikamfukuza. Nikakudanganya."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, Emily. Hata kupigwa nilijiandaa, nimebeba bakora yangu nami nijibu. Yule mzee akacheka. Akacheka kicheko kibaya chenye machozi, akaniambia, "Pola, we mwanamke. Alipotoka kwako alikuja kwangu."

Nikamwambia, "Unasemaje?"

"Usiku uleule. Kasimama pale. Akaniambia, 'Pola amenifukuza. Usimuulize kwa nini. Ana watoto wanne, mwache akae nao.'"

Nikakaa chini mchangani na kanga mpya.

Nikamuuliza, "Na kila mwaka ukija kuniuliza amekuja, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nakufungulia mlango. Wewe ukawa unaufunga. Haya."

"Na shamba?"

"Shamba alilitaka nani? Watoto wa ndugu yangu walikuwa wana njaa."

"Watu walikucheka, Kiponda. Walisema umeshindwa kumrithi mke wa nduguyo."

"Walicheka," akasema. "Sikufa."

Kisha akaingia jikoni, akapanda kwenye kiti, nikamwambia shuka utavunjika, hakusikia. Akatoa darini kipande cha mti wa mhuhu, mweusi kwa moshi, mkavu kama mfupa. Alikikata wiki ile ile ya ndoto. Miaka yote hiyo moshi wa chakula chake unapita juu ya mti wa Kombe, na mkewe akiuliza, anaambiwa ni mpini.

Emily, mimi maishani mwangu nimeshukuru watu kwa chumvi, kwa maji, kwa kubebewa mzigo. Neno la kumshukuru yule mzee sikulipata. Nilimwambia, "Wewe ni mjinga." Akasema, "Najua."

Amechonga siku mbili. Jana asubuhi tumesimamisha koma nyuma ya nyumba, tumemfunga vitambaa, Kiponda kamwaga tembo, kamwita kwa jina, na mimi nikamwambia maneno yangu ambayo Batuli hataandika kwa kuwa sikumwambia hata yeye. Nimelia matanga ya miaka thelathini na saba kwa siku moja. Mwalimu Lewis alikuja akasimama mbali kidogo, lakini alikuja, na kofia ameivua.

Fomu hiyo hapo, kidole changu nimekitia wino mara mbili ili wasiseme hakionekani. Pale wanapouliza alikufa mwaka gani, usiandike. Sijui, na waliojua hawakusema. Mwaka wao wasiotaka kuutaja nisiwatajie mimi kwa kubuni. Andika aliyoyafanya. Andika: Kombe Mwaro, aliyehesabu watu. Bwana wako Ndirangu akisema wengine hawana maneno hayo, mwambie aje Magarini tuzungumze.

Ule. Fagio wewe.

Mimi Pola


Mambrui,
7 Septemba 2025

Kwako mke mwenzangu,

Natumaini ulifika salama na zile nazi hazikupasuka njiani. Batuli anauliza kama achari yake uliila au uliwagawia. Kiponda anakusalimu. Tangu siku ya kusimamisha jiwe Malindi amekuwa mtu wa utani. Jana kaniambia, "Sasa umekuwa mjane kweli, Pola. Nikurithi?" Nikamwambia anirithi magoti, ayachukue yote mawili leo leo. Tumecheka mpaka akakohoa.

Ulipoondoka upesi hukunipa nafasi ya kusema. Nasema sasa. Ahsante, Emily. Kwa kutokukaa kimya nilipokaa kimya. Kwa kunirudisha kwa Kiponda badala ya kupokea kidole tu ukamaliza kazi yako. Mwambie na Bwana Ndirangu nimemshukuru. Jiwe lake ni zuri, na herufi nilizipitisha kidole moja moja ingawa sijui kuzisoma, na nilijua mstari wa Kombe ni upi kwa kuwa ndio ulikuwa na vumbi bado ndani.

Walipokuwa wakisoma majina na kila familia inaitika, niliona watu wazima wenye mvi wanaitika kwa sauti za watoto. Walipofika kwa Kombe mimi na Kiponda tuliitika pamoja, yeye akazidi kwa sauti, nikamwachia. Ilikuwa haki yake.

Sasa kuna jambo ambalo hukuliona, ulikuwa unafunga kamba za ile hema. Mwanamke mmoja alinijia, anaitwa Swabra, wa Ngomeni, umri wa mama yako. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Bibi, jina la mzee wenu mlilipataje likaandikwa?" Baba yake alikuwa mvuvi, alichukuliwa mwaka ule ule, mwezi mwingine. Hayumo kwenye jiwe. Nikamuuliza, "Mamako yu hai?" Akasema, "Yu hai. Hasemi. Nikimuuliza ananyanyuka."

Nikamwambia, "Ananyanyuka kwenda wapi?"

"Kushona makuti."

Nimemwelewa huyo mama kabla sijamwona uso. Sijui alilobeba ni nini, na si lazima lifanane na langu. Swabra alitaka nimpe barua ampelekee. Nimekataa. Mwenzangu naye hakusoma, atasomewa na nani?

Kesho nakwenda Ngomeni mwenyewe. Mjomba wako atanipeleka kwa ile pikipiki yake ya kelele, na Batuli ananifungia mkate wa mofa na samaki wa kupaka. Sitamuuliza yule mama kitu. Nitakaa naye kwenye mkeka, nitavuta fungu la makuti upande wangu, nitashona. Nikimaliza fungu nitavuta jingine. Nina siku nyingi, na mikono yangu bado mizuri.

Akisema, nitakuandikia. Asiposema, paa lake litakuwa limepata makuti.

Mimi bibi yako,
Pola, mjane wa Kombe